Feni ya zamani imekwama: tafuta kwanza kilichoishika

Hajati mmoja wa Bombo aliniletea feni ya mezani ya marehemu baba yake, ameifunga kwenye kanga. Mapanga yalikuwa hayasogei hata ukiyasukuma kwa kiganja. Kabla ya kufika kwangu ilikuwa imepitia mikono mingine, na alama za mikono hiyo nilizikuta: skrubu mbili vichwa vimeliwa, panga moja limepinda, na ncha ya ekseli imefura kwa kupigwa nyundo. Kutu yenyewe niliitoa kwa siku nne. Kurekebisha kazi ya nyundo kulinichukua wiki mbili.

Feni za aina hii bado zipo nyingi hapa Uganda kuliko watu wanavyodhani. Nyingine ziliachwa kwenye maduka na nyumba za Jinja, Mbale na Tororo, nyingine zilikuwa za ofisi za serikali na za misheni, na siku hizi unazikuta kwa wauza vyuma chakavu wa Kisenyi, Kampala, zinapimwa kwa kilo. Inaniuma kuona feni yenye mapanga ya shaba inauzwa kwa uzito wakati tatizo lake ni mafuta yaliyokauka tu. Kwa hiyo naandika hapa namna ninavyozifungua, nikianza na dalili unayoiona, halafu kinachoisababisha.

Kwanza kabisa, usichomeke umeme "kuona kama itajaribu". Mota iliyokwama hunguruma bila kuzunguka, na umeme wote unaoingia unageuka joto. Koili za zamani zimefunikwa kwa pamba na vanishi. Dakika chache zinatosha kuziunguza, na hapo kazi ya skrubu inageuka kazi ya kusuka mota upya. Halafu angalia kibao cha jina. Kama kimeandikwa volti 110 au 120, hiyo ni ya Marekani, na umeme wetu wa volti 240 utaiua siku utakapoifufua. Itafutie transfoma mapema.

Mapanga hayazunguki, au yanazunguka kwa uzito kama yamezama kwenye asali

Hapa ndipo watu wengi hukimbilia kutia nguvu, ilhali mara nyingi hakuna kutu kabisa. Kuna gundi. Bushi za feni za zamani, yaani pete zinazoshika ekseli inapozunguka, ni za bronzi, na hulishwa mafuta na utambi wa sufu ulio ndani ya kikombe kidogo cha mafuta. Mwenye feni akikosa mafuta ya mashine alitia mafuta ya kupikia. Mafuta ya kupikia hukauka yakawa kama vanishi, ya kahawia, magumu, na yanashika ekseli sawasawa. Wengine walijaza grisi ya gari kwenye kikombe. Grisi haipiti kwenye utambi, ikaziba njia, na bushi ikabaki kavu.

Kipimo changu ni joto. Chukua draya ya nywele, pasha kifuniko cha mota upande wa bushi mpaka mkono wako uvumilie kwa shida, kisha zungusha mapanga taratibu. Yakilainika, na yakarudi kuwa mazito baada ya kupoa, umepata jibu: ni mafuta yaliyoganda. Tia matone ya mafuta ya taa kwenye bushi, pasha tena, zungusha, futa uchafu mweusi unaotoka, rudia. Kwa feni ya Hajati nilirudia mara saba au nane. Mara ya kwanza kilichotoka kilikuwa kama lami. Mara ya mwisho mafuta ya taa yalitoka meupe. Mafuta ya taa yasifike kwenye koili, na usifanye kazi hii karibu na jiko.

Ukishasafisha, utambi mgumu utupe uweke wa sufu mpya. Bushi nyingine zimetengenezwa kwa unga wa bronzi ulioshindiliwa, zina vitundu vidogo vinavyohifadhi mafuta ndani yake. Ukiiosha bushi ya namna hiyo ikakauka kabisa, itakula ekseli. Ilowekwe kwenye mafuta yenye moto wa wastani mpaka iache kutoa mapovu. Mafuta yenyewe yawe ya mota za umeme au mafuta mepesi ya mashine yasiyo na sabuni ya kusafishia injini. Cherehani ina mafuta yanayofaa kwa feni ndogo. Na wale wanaopulizia WD-40 wakadhani wamepaka mafuta, herufi zake mbili za kwanza zinatokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya kufukuza maji. Iliundwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi hiyo. Inasaidia kufungua, lakini bushi inahitaji mafuta ya kukaa.

Joto lisiposaidia kitu, sikiliza na hisi. Mapanga yakisogea kidogo huku na huku halafu yakagonga kitu kigumu mahali palepale, huenda rota, ile sehemu ya mota inayozunguka, inagusa chuma cha koili kwa sababu bushi imelika au ekseli imepinda. Hapo mafuta hayatasaidia. Yasiposogea hata unywele, basi ni kutu, soma mbele.

Mapanga hayatoki kwenye ekseli

Hii ndiyo sehemu inayovunja feni nyingi, nami nitakaa hapa kidogo.

Kitovu cha mapanga hushikwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa inayobana ekseli kutoka ubavuni. Safisha mfereji wake kwa sindano mpaka uone chuma kinachong'aa. Bisibisi lazima lijaze mfereji wote, upana na unene. La dukani huwa limechongoka kama kabari, linapanda juu na kula kingo. Mimi nina mabisibisi manne ya zamani niliyoyanoa kwa tupa ili ncha ziwe na kuta zilizosimama wima. Mfereji ukiwa umeanza kuliwa, paka ncha ya bisibisi ile dawa ya kusagia valvu inayouzwa kwenye maduka ya spea za magari ya Kiseka, Kampala. Chembe zake hung'ang'ania chuma na bisibisi halitelezi kirahisi.

Tia mafuta ya kupenyeza, acha usiku mzima. Kesho yake usianze kufungua. Kaza kwanza, kidogo mno, mpaka usikie "tik". Hiyo tik ni kutu inapasuka. Ndipo ufungue.

Skrubu ikitoka na kitovu bado kimekwama, chukua tochi uchungulie ndani ya tundu. Mara nyingi kuna skrubu ya pili chini ya ile ya kwanza, imewekwa kama kufuli. Nimeona kitovu kilichopasuliwa kwa pula, kile kifaa chenye kucha cha kuvutia, huku skrubu ya pili imekaa salama ndani, imeshika kazi yake vilevile kama kiwandani.

Baada ya skrubu zote kutoka, angalia kipande cha ekseli kilichochomoza mbele ya kitovu. Kina kutu? Basi kitovu kitapitaje hapo? Kipige msasa mpaka king'ae, kipake mafuta. Kisha, kinyume cha unavyofikiri, sukuma kitovu ndani kuelekea mota, milimita moja tu. Kikisogea umeshinda, maana sasa unaweza kukizungusha juu ya ekseli huku na huku na kukivuta polepole. Kikifika mahali kikagoma, skrubu iliacha ukucha wa chuma uliosimama kwenye ekseli. Pitisha ncha ya drili inayoingia kwenye tundu la skrubu, uizungushe kwa vidole, itausaga ukucha ule.

Kama pula inahitajika, kucha zake zishike nyuma ya kitovu chenyewe. Zisishike mapanga hata kidogo. Mapanga ya shaba ya njano hupinda bila sauti, na feni yenye panga lililopinda itatikisika maisha yake yote usipoyasawazisha tena moja moja. Ncha ya ekseli usiipige nyundo. Ikifura kama uyoga haitapita tena kwenye kitovu wala kwenye bushi.

Jambo moja zaidi. Baadhi ya feni, hasa za miaka ya karibuni zenye mapanga ya plastiki, hufungwa kwa nati ya thredi ya kushoto: inafunguka ukiizungusha kuelekea unakoelekea mshale wa saa. Kabla ya kusema imejam, jaribu upande wa pili kwa mkono mwepesi.

Skrubu ina kutu ya kahawia na haigeuki

Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndani ya thredi haina pa kwenda, kwa hiyo inabana. Kwetu Jinja, na unyevu wa ziwa, nimekuta skrubu za shingo zimebanwa hivyo hata feni ikiwa ilikaa ndani ya kabati.

Mafuta ya kupenyeza ninayoyaamini nachanganya mwenyewe: nusu asetoni, nusu oili ya giaboksi ya otomatiki, ile nyekundu ya ATF. Tikisa kabla ya kila tone, maana havikai pamoja. Ni mchanganyiko unaowaka moto haraka, na asetoni hula rangi na vanishi ya koili, basi tumia kwa ncha ya sindano, nje, mbali na moto. Tia tone, gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo ndogo mara ishirini au thelathini, mapigo mepesi kama ya kugonga yai, tia tone jingine. Mapigo hayo yanafungua nyufa ambazo mafuta yanapita. Fanya asubuhi na jioni kwa siku tatu. Mteja akiuliza kwa nini inachelewa, mwambie ukweli. Hajati nilipomwambia alinijibu: "Mwanangu, imekaa bila kuzunguka tangu baba afariki. Siku nne si kitu."

Mafuta yakishindwa, joto. Lakini joto lina hesabu yake. Kwa kila digrii moja ya Selsiasi, chuma hupanuka takribani sehemu 12 kwa milioni, shaba ya njano kama 19, alumini kama 23. Skrubu ya chuma ndani ya kitovu cha shaba au alumini: pasha kitovu, tundu litapanuka kuliko skrubu, fungua kikiwa cha moto. Skrubu ya shaba ndani ya chuma: ukifungua ikiwa ya moto unaizidishia kubanwa. Hiyo ipashe, iache ipoe kabisa, ndipo ujaribu. Ilipopanuka imeponda kutu, na ikipoa inaacha nafasi. Chuma ndani ya chuma, weka ncha ya chuma cha kulehemia waya juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika mbili tatu, ondoa, gusisha mshumaa pembeni. Nta ikiyeyuka utaiona inavutwa ndani ya thredi kama maji kwenye kitambaa, inazama mbele ya macho yako. Hapo ujue umepata njia.

Moto wa gesi nautumia kwa nadra, na kamwe si kwenye nyumba ya mota ikiwa koili zimo ndani. Rangi ya zamani pia inaweza kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Usiichome, wala usiipige msasa mkavu. Lowesha kwanza.

Kichwa kikivunjika, usikate tamaa na usichukue drili papo hapo. Mara nyingi kichwa kikitoka, kilichokuwa kimebana kimeondoka, na kisiki kilichobaki hugeuka kwa plaisi. Kisipogeuka, kisawazishe kwa tupa, piga panchi katikati kabisa, toboa kwa drili ndogo zaidi uliyo nayo, uongeze ukubwa hatua kwa hatua.

Na ukitafuta skrubu ya kurudishia, uwe mwangalifu. Feni nyingi za Uingereza zina thredi za BA, kipimo cha zamani cha Kiingereza, ambazo si za milimita tulizozoea. 2BA ina kipenyo cha milimita 4.7 na hatua (umbali kati ya thredi na thredi) ya 0.81, skrubu ya M5 ina hatua ya 0.8. Kwa macho zinafanana. Ukilazimisha M5 kwenye tundu la 2BA itaingia mizunguko miwili, kisha itakwama au itapasua chuma cha kusubu. Hivi ndivyo mimi nilivyovunja sikio la shingo ya feni moja nikiwa bado najifunza. Sikio lilianguka kwenye meza, nikakaa kimya nikiliangalia. Tangu siku hiyo kila skrubu ya zamani naisafisha na kuirudisha kwenye tundu lake lilelile, nimeiandika kwenye karatasi.

Vipande vya chuma vilivyotoka na kutu nyingi, kama kizimba au mguu, naviloweka kwenye molasi. Ukiwa karibu na Kakira au Lugazi kwenye viwanda vya sukari haikusumbui kuipata. Sehemu moja molasi, sehemu tisa maji, wiki moja mpaka mbili, unachungulia kila siku. Inanuka, iweke mbali na nyumba. Kutu hutoka na chuma kizima hubaki. Ila usiweke humo alumini wala zinki, vitaliwa.

Kuna unga mweupe pembeni ya skrubu

Huo si kutu ya chuma. Skrubu ya chuma na nyumba ya alumini zikikutana na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa, na unga wake mweupe unajaza thredi. Mafuta hupenya hapa kwa shida. Joto ndilo linalofaa, kwa ile tofauti ya 12 na 23: pasha alumini mpaka tone la maji lichezee juu yake, fungua kidogo, rudisha kidogo, fungua tena. Ukiivuta moja kwa moja, unga utakusanyika na kung'oa thredi zote. Alumini haibadiliki kuwa nyekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hiyo usisubiri rangi ikuonye. Wakati wa kurudisha, paka grisi.

Giaboksi ya kugeuza shingo imevimba au ina nyufa kama matope yaliyokauka

Hii ndiyo habari mbaya. Kipande ni kizito, kijivu, na kina nyufa ndogo nyingi zisizo na mwelekeo. Ni zinki ya kusubu ya zamani iliyochanganyika na uchafu, hasa risasi. Unyevu huingia kati ya chembe zake, inavimba kutoka ndani, na inashika ekseli ya gia kwa kuvimba kwenyewe. Hakuna mafuta wala molasi itakayoitibu. Ukipiga nyundo itavunjika kama biskuti. Ukitia moto wa gesi, zinki ya kusubu huyeyuka karibu na digrii 385 tu, utaipoteza kabla hujajua.

Kama uvimbe ni mdogo na nyufa hazijaanza, tundu linaweza kupanuliwa kwa kusagwa kidogo mpaka ekseli ipite. Nyufa zikiwepo, okoa gia na ekseli kwa kukata nyumba ya zinki kwa msumeno mwembamba, kisha uichukue kama mfano kwa wakereza vyuma. Katwe, Kampala, kuna mafundi watakaokusubia au kukukerezea kipande kipya kwa alumini au shaba. Kumbuka tu kwamba kile unachowapelekea kimevimba, hivyo vipimo vitwae kutoka kwenye gia na ekseli.

Giaboksi nzima isiyovimba lakini haigeuki, ni grisi ngumu. Ifungue, ikwangue kwa kijiti cha mti, ioshe kwa mafuta ya taa, ijaze grisi mpya robo tatu. Basi.

Ilizunguka vizuri, nikaifunga ikakwama

Hii haina kutu hata chembe. Vifuniko viwili vya mota vimefungwa vikiwa vimepinda, na bushi hazitazamani. Legeza skrubu zote, zungusha ekseli, kaza kwa msalaba kidogo kidogo, na kila ukikaza gonga pembeni kwa kipande cha mbao. Bushi nyingi zimekaa kwenye vikombe vya mviringo, zinajipanga zenyewe zikitikiswa. Kisha vuta na sukuma ekseli mbele na nyuma: lazima isogee kidogo, kama nusu milimita. Isiposogea kabisa, kuna washa (kipete bapa cha ekseli) uliyoizidisha.

Feni ya dari nayo ina njia yake, kwa sababu nyumba ndiyo inayozunguka na ekseli imetulia. Nyingi zina beringi za gololi, aina ya 6201 au 6202, zinazopatikana kwenye duka lolote la beringi. Zikiwa zimeshikwa na kutu, usizitibu. Zing'oe kwa pula uweke mpya.

Ikishafunguka, ikasafishwa na kufungwa, usiiunge moja kwa moja ukutani. Badilisha waya wa zamani uliofunikwa kwa kitambaa, weka waya wa ardhi kwenye mwili wa chuma, kisha pitisha umeme kupitia balbu ya zamani ya wati 100 iliyounganishwa kwa mfululizo. Balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti, zima. Ikiwaka hafifu na mapanga yakaanza kwenda, iache dakika kumi, zima, chomoa, gusa bushi zote mbili. Zikiwa vuguvugu, iunge bila balbu, iendeshe nusu saa, uguse tena. Ya Hajati ilikuwa vuguvugu upande wa nyuma zaidi ya mbele, nikaongeza matone matatu kwenye kikombe cha nyuma, na jioni ile ikalingana.